Pointi za Wateja ni Deni la Duka

Mwenye duka akinipigia simu kuhusu pointi za wateja, swali la kwanza huwa lilelile: programu gani nzuri? Kazi yangu ni kufunga mifumo ya mauzo kwenye maduka ya Dar es Salaam, minimaketi za mitaani, vipodozi, famasi, vifaa vya ujenzi, kwa hiyo anategemea nimtajie jina na bei tumalizane. Mimi humrudishia swali: ukiuza mzigo wa elfu kumi, ukatoa bei uliyonunulia, unabaki na ngapi? Hapo simu hutulia kidogo. Kisha najibiwa kwa mauzo. "Kwa siku tunafunga kama milioni na nusu, kaka." Sawa, lakini pointi hazilipwi na mauzo. Zinalipwa na kile kinachobaki.

Ndiyo maana sigusi kompyuta ya mtu kabla hatujakaa na daftari. Kila mteja anapoondoka na pointi kwenye namba yake ya simu, duka limejiandikia deni: siku moja mtu huyu atarudi, atachukua sabuni na mafuta ya kula, na sehemu ya bei hatailipa. Madeni ya dukani tumeyazoea, ila hapa mambo yamegeuka. Mdaiwa ni duka, wadai ni mamia, na kila mmoja anajichagulia siku ya kuja kudai.

Wahasibu wanalichukulia hivyohivyo. Kiwango cha kimataifa cha IFRS 15, kilichoanza kutumika Januari 2018, kinataka kampuni inayotoa pointi isihesabu pesa yote ya mauzo kuwa mapato siku ileile. Sehemu inayobeba thamani ya pointi inawekwa pembeni kama deni hadi mteja azitumie au muda wake uishe. Duka la Tandika halina mhasibu wa kuandika vitabu vya namna hiyo, lakini deni lipo vilevile, limejificha tu.

Jirani zetu Wakenya wameyaona yakiwa makubwa. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa, ilikuwa na kadi yake ya pointi, Smart Card, na hata hapa Dar tuliwaona baada ya kuchukua maduka ya Shoprite mwaka 2014. Januari 2018 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi kwa sababu ya madeni, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe kabisa. Wauzaji wa jumla, wenye majengo na mabenki walikuwa na karatasi za kuonyesha wanadai nini. Mwenye kadi yenye pointi angekwenda kusimama foleni ipi? Safaricom nao, kampuni ya simu inayotoa Bonga Points tangu 2007, pointi moja kwa kila shilingi kumi za Kenya unazotumia, mwaka 2022 walitangaza kwamba pointi zilizozidi miaka mitatu zitafutwa. Malalamiko yalikuwa mengi. Mtu aliyekusanya kwa miaka bila kuambiwa ukomo anaziona ni mali yake, na simlaumu.

Sasa turudi kwenye daftari. Chukua minimaketi ambayo, ukichanganya bidhaa zote, inapata faida ghafi ya asilimia 12. Katika kila shilingi 1,000 ya mauzo inabaki 120. Toa humo kodi ya fremu, mishahara, umeme wa mafriji, mifuko, maziwa yaliyoharibika, na za TRA, mamlaka ya mapato. Tuseme mwisho wa yote mwenye duka anabaki na 30. Akiamua kurudisha asilimia 1 kwa wateja, yaani shilingi 10 kwa kila 1,000, ametoa theluthi ya chake. Akitangaza asilimia 5, kama nilivyoombwa na zaidi ya mtu mmoja kwa sababu "duka la ng'ambo ya barabara wanatoa tano", anatoa 50 mahali anapobaki na 30. Kwa lugha nyingine, anawalipa watu waje kununua kwake.

Duka la vipodozi lenye faida ghafi ya asilimia 35 linaweza kutoa 3 na likapumua. La vifaa vya ujenzi linategemea: rangi na vitasa vinabeba, saruji haibebi kitu. Nikiulizwa kiwango cha kuanzia kwa duka la vyakula, jibu langu ni asilimia 1, na watu hukunja uso wakiona ni kidogo. Tesco, wenye maduka makubwa Uingereza, walipoanzisha kadi yao ya pointi, Clubcard, mwaka 1995 walirudisha kama peni moja kwa kila pauni. Asilimia 1. Kampuni kubwa kiasi kile, yenye nguvu ya kubana bei za wauzaji wake, ilianzia hapo.

Kuna hesabu ya pili ambayo wauzaji wa programu hawaipendi. Je, pointi zinaleta mauzo mapya, au zinampunguzia bei mtu ambaye angekuja tu? Chukua mama anayenunua kwako vitu vya 120,000 kwa mwezi. Ukimpa asilimia 1 na asiongeze chochote, umempa zawadi ya 1,200 kutoka mfukoni mwako. Akipandisha hadi 140,000, hiyo 20,000 ya ziada kwa faida ya asilimia 12 inakuletea 2,400, pointi zake zimekugharimu 1,400, na umebaki na 1,000 ambayo hukuwa nayo. Mpaka kati ya hasara na faida uko karibu na 11,000 za nyongeza kwa mwezi. Yaani kila mwanachama, kwa wastani, lazima aongeze manunuzi yake kwa karibu asilimia 9 ndipo mpango ujilipie, na hapo sijaweka gharama ya programu wala ya SMS. Ni kweli si wote watakaotumia pointi zao, na wauzaji wa programu wataliimba hilo kama habari njema. Mimi napiga hesabu kana kwamba zote zitatumika. Mpango unaopata faida kwa sababu watu wamesahau pointi zao haumrudishi mteja dukani, na kumrudisha ndiyo kazi uliyoutuma.

Tukishakubaliana kiwango, tunapita rafu kwa rafu. LUKU (umeme wa kulipia kabla), vocha na miamala ya wakala havina pointi kabisa; pale duka linaishi kwa kamisheni, na pointi za asilimia 1 zinaweza kuimeza yote. Gesi, sigara na sukari mara nyingi navyo nje. Unga ni ubishi. Mwenye duka anaogopa kuutoa kwa sababu ndio unaowaleta watu, na ana haki, kwa hiyo wengine tunauacha ndani kwa nusu kiwango kama mfumo unaruhusu viwango tofauti kwa makundi ya bidhaa. Wateja wa bei ya jumla wanawekwa kwenye kundi lao lisilopata pointi, maana punguzo lao wameshalipata kwenye bei. Hili lisipofanywa, mtu mmoja mwenye genge anayechukua katoni kwa katoni atamaliza bajeti ya pointi za mtaa mzima.

Kwenye skrini kuna namba mbili ambazo watu huzichanganya: kiwango cha kupata na kiwango cha kutumia. Cha kwanza kinasema mteja akilipa kiasi fulani anapata pointi ngapi. Cha pili kinasema pointi ngapi zinakuwa shilingi ngapi za punguzo. Mifumo kama Odoo, au programu-jalizi ya pointi ya WooCommerce kwa wanaouza mtandaoni, inakuachia uweke zote mbili upendavyo. Loyverse, ambayo maduka mengi madogo huianza kwa sababu ya bure, imerahisisha: unaweka asilimia ya manunuzi inayorudi kama pointi, na pointi moja ni sawa na kizio kimoja cha fedha yako. Kwetu maana yake pointi moja ni shilingi moja. Mimi ningechagua hivyo hata mahali pasipolazimishwa. Mteja aliyenunua vitu vya 15,000 anaambiwa ana pointi 150, anaelewa ana shilingi 150, hakuna tafsiri. Makampuni makubwa hupenda pointi yenye thamani ya kuzungushazungusha ili mtu asijue haraka kwamba ni ndogo. Duka la mtaani halina kibali cha ujanja huo. Mteja wako unakutana naye msikitini au kanisani wiki hiyohiyo.

Kipimo cha chini cha kutumia ndicho kinachoamua kama watu watajali. Yule mama wa 120,000 kwa mwezi anakusanya 1,200. Ukiweka kuwa punguzo linaanzia pointi 2,000, atafika katika wiki ya saba hivi. Ukiweka 10,000, kama mwenye duka mmoja alivyotaka "ili wasisumbue kaunta", atasubiri miezi minane na zaidi, na kabla ya hapo atakuwa ameshaacha kutaja namba yake. Watafiti wawili wa Marekani, Joseph Nunes na Xavier Drèze, walichapisha mwaka 2006 jaribio walilofanya kwenye eneo la kuoshea magari. Wateja 150 walipewa kadi inayohitaji mihuri minane ili kuoshewa bure. Wengine 150 kadi ya mihuri kumi, miwili ikiwa imeshagongwa. Kazi iliyobaki ni ileile, mihuri minane. Kundi la kwanza waliomaliza walikuwa asilimia 19, kundi la pili asilimia 34. Kwa hiyo kila anayejiandikisha mumpe kitu cha kuanzia siku hiyohiyo, hata pointi 300. Ni shilingi 300 tu, na zimeshamsogeza njiani. Isipokuwa, na hili lisisahaulike, hizo za kuanzia ziandikwe kwamba hazitumiki hadi afike 2,000, la sivyo vijana wa mtaa watajiandikisha na laini zote walizonazo.

Kaunta ndiyo sehemu yenye mambo.

Maduka mengi yameacha kadi za plastiki na kutumia namba ya simu, na ni sahihi. Kadi zinapotea, namba mtu anaikariri. Lakini namba ya simu inaandikwa na keshia, na keshia ni binadamu mwenye mshahara mdogo. Mteja asiyejiandikisha akilipa, keshia anaweza kuingiza namba yake mwenyewe, au ya dada yake. Mteja hajapoteza kitu, droo haipungui hata shilingi, na jioni hesabu zinafunga vizuri. Duka ndilo linalojiongezea deni kwa mtu ambaye hakununua. Huu wizi hauonekani kwenye pesa taslimu, unaonekana kwenye ripoti ya wanachama tu: namba moja imenunua mara kumi na nne kwa siku, zamu ileile, kaunta ileile. Mwenye duka anayesoma ripoti ya mauzo peke yake hataiona maisha.

Aina ya pili ni mbaya zaidi. Mteja analipa 10,000 taslimu. Keshia anafungua akaunti ya mwanachama aliyehama mtaa, mwenye pointi 3,000 zilizolala, anaweka punguzo la 3,000, mfumo unasubiri 7,000 kwenye droo, na tofauti inaingia mfukoni. Dawa ya hii ni SMS: pointi zisitoke bila namba ya siri inayotumwa kwenye simu ya mwenye pointi, na kila zikitoka ujumbe uende. Najua SMS zina gharama. Kama bajeti hairuhusu kutuma kwa kila manunuzi, tuma kwenye kutumia pointi peke yake, hapo usibane. Na risiti ionyeshe jina la mwanachama na salio lake, ili mteja aliye mbele ya kaunta aone kama ameandikiwa jina la mtu mwingine.

Wenye maduka wengine wakisikia haya wanataka kufukuza watu. Mama mmoja wa Kinondoni aliniambia, "Mwanangu, bora nikae kaunta mwenyewe." Nilimwambia, mama, huwezi kukaa kaunta saa kumi na tano kwa siku. Tuliruhusu makeshia wawe wanachama kama watu wengine, namba zao zijulikane wazi, na wakawekewa ukomo wa manunuzi kwa siku. Anayenunua unga wake hapo kazini apate pointi zake za halali. Ukimkataza kabisa unampa sababu.

Halafu chenji. Ukiruhusu mtu atumie pointi 1,137, jumla inakuwa 13,863 na hapo kaunta inasimama kutafuta sarafu ambazo hakuna aliyeziona siku nyingi, au mteja anapewa peremende. Weka matumizi yaende kwa mafungu ya 500. Weka pia ukomo wa juu, kwa mfano punguzo lisizidi nusu ya risiti, ili mteja akija na pointi zake aje pia na pesa. Na pointi mpya zihesabiwe kwenye kile alicholipa, siyo kwenye bei ya kabla ya punguzo. Mtu akirudisha bidhaa, pointi alizopata kwayo zirudi. Mifumo mingi inafanya hivyo ikiwa marejesho yamepitia kwenye risiti ya awali, lakini haitafanya kama keshia amebadilisha kitu kwa mkono na kusema "twende tu".

Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, lazima ikubaliane na haya yote. Kama mfumo wa mauzo na EFD havizungumzi, keshia atatoa risiti ya 20,000 wakati mteja amelipa 18,000, na mwisho wa mwezi unajikuta na mauzo kwa TRA ambayo hela yake haipo. Punguzo lionekane kwenye risiti kama punguzo, kwenye mstari wake, na jumla iwe kile kilicholipwa. Kuna wanaoiingiza pointi kama njia ya malipo, kama vile taslimu au Lipa Namba. Mfumo unaruhusu, lakini kwa duka dogo hilo linazaa maswali kila jioni wakati wa kufunga droo. Kaa na mhasibu wako kabla ya siku ya kwanza, siyo baada ya barua.

Kuhusu taarifa za watu nitakuwa mfupi. Tangu Mei 2023 Tanzania ina sheria inayofanya kazi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kuna Tume yake. Kenya walitangulia na ya kwao mwaka 2019. Orodha ya namba za simu na manunuzi ya watu ni taarifa binafsi. Chukua jina na namba, mwambie mtu unazichukua kwa ajili gani, usichukue tarehe ya kuzaliwa kwa sababu fomu ina nafasi yake, na usimpe rafiki yako wa bima hiyo orodha. Famasi ziwe makini mara mbili. Risiti ya dawa yenye jina la mwanachama inaeleza ugonjwa wake, na mume au jirani akiiokota imeshakuwa habari nyingine. Kwenye famasi niliacha kabisa kuweka majina ya bidhaa kwenye SMS za pointi.

Muda wa pointi: miezi kumi na miwili tangu manunuzi ya mwisho ndio ninaoupenda. Siyo tangu pointi ilipopatikana, kwa sababu hapo mteja mwaminifu anakatwa kila mwezi vipande asivyovielewa, wakati yule aliyehama ndiye tuliyetaka kumfuta. Iandikwe kwenye bango la kaunta kwa herufi zinazosomeka kuanzia siku ya kwanza, na ujumbe utumwe mwezi mmoja kabla ya kufutwa. Kubadilisha kiwango kunaruhusiwa kwa manunuzi yajayo. Pointi zilizokwisha kutolewa zina bei yake na isiguswe.

Kila mwisho wa mwezi mwenye duka asome namba tatu: pointi zilizotolewa, zilizotumika, na salio lote linalodaiwa. Salio hilo likiwa 900,000 na faida ya mwezi ni 700,000, kuna kitu hakiko sawa, na ni bora kijulikane mwezi wa tatu kuliko mwezi wa Desemba watu wakija wote kwa pamoja kununua vya sikukuu. Wengine ninawashauri pesa ya salio hilo waitoe kabisa kwenye droo, waiweke kwenye akaunti ya simu isiyotumika kwa mambo mengine, mwezi kwa mwezi. Wachache wanafanya.

Kuna maduka niliyoyakatalia. Duka la peke yake mtaani, linalouza unga, mafuta ya kupima na vocha, kwa watu ambao wangekuja hata mvua inyeshe, halihitaji pointi. Muuzaji anamjua kila mtu kwa jina la mtoto wake wa kwanza, anakopesha hadi tarehe ya mshahara, anaongeza nyanya moja kwenye fungu. Mkopo ule una thamani kwa mteja kuliko asilimia 1 yoyote. Mahali pointi zinapofanya kazi ni pale ambapo mteja ana maduka mawili au matatu yanayofanana ndani ya mwendo wa dakika tano na hana sababu ya kuchagua moja. Mikocheni, Sinza, Mbezi, kwenye barabara zile ambapo minimaketi zimepangana.

Na ukiona mpango haukufai, ufunge kwa utaratibu. Siku ya kwanza simamisha kutoa pointi mpya. Tuma ujumbe kwa wote wenye salio, uwape miezi mitatu, na shusha kipimo cha chini hadi 500 ili hata mwenye kidogo apate chake. Watakuja wengi wiki ya mwisho. Weka stoki ya sukari na sabuni ya kutosha, na keshia wa ziada.